Bakteria Rafiki na Usugu wa Dawa: Nafasi ya Togwa na Mtindi katika Kupunguza Uhitaji wa Antibiotiki Mlali, Wilaya ya Kongwa

Ikisiri

Makala hii inafafanua iwapo bakteria wenye manufaa, yaani probiotiki, wanaweza kuchukua nafasi ya antibiotiki katika kupambana na bakteria waletao maradhi. Mjadala umejengwa juu ya mazingira ya Mlali, wilayani Kongwa, mahali ambapo togwa na maziwa ya mgando ni vyakula vya kila siku, na katika wilaya ambayo imechunguzwa kwa kina kuhusu matokeo ya ugawaji wa antibiotiki kwa jamii nzima. Hoja kuu ni kwamba probiotiki si mbadala wa antibiotiki katika tiba ya ugonjwa mkali, bali zina nafasi ya kweli katika kinga. Kila maambukizi yanayozuiwa ni dozi moja ya antibiotiki isiyohitajika, na kila dozi isiyotumika bila sababu hurefusha uhai wa dawa zilizopo.

1.0 Utangulizi

Kata ya Mlali imo katika wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma, kwenye uwanda wa kati wa Tanzania. Eneo hili lina msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, ukifuatiwa na kiangazi kirefu. Wakazi wake, wengi wao wakiwa Wagogo na Wakaguru, hutegemea kilimo cha mahindi, mtama, uwele, karanga na alizeti, pamoja na ufugaji wa ng'ombe, mbuzi na kuku. Katika mazingira ya namna hii maji ni kitu cha kutafutwa, na yanapopungua usafi wa mikono na vyombo hupungua pia. Hapo ndipo bakteria wa kuhara hupata njia ya kuingia katika miili ya watoto wadogo.

Kwa muda mrefu jibu la maradhi ya bakteria limekuwa antibiotiki. Tangu Alexander Fleming alipogundua penisilini mwaka 1928, dawa za kundi hili zimeokoa maisha ya mamilioni ya watu. Hata hivyo, Fleming mwenyewe alionya mwaka 1945, alipopokea Tuzo ya Nobeli, kwamba matumizi ya dozi pungufu yangewafunza bakteria kuistahimili dawa. Onyo hilo limetimia. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanaonesha kwamba katika mwaka 2019 vifo takribani milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria dhidi ya dawa.

Tanzania haiko nje ya tatizo hili. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2007 ulionesha kwamba, miongoni mwa watoto waliolazwa wakiwa na maambukizi ya bakteria katika damu, takribani theluthi moja walifariki. Utafiti huo ulibainisha pia kwamba mtoto aliyepewa dawa ambayo bakteria wake walikuwa sugu kwayo alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Kwa hiyo usugu wa vimelea dhidi ya dawa si suala la maabara pekee. Ni suala la mtoto kupona au kutopona. Serikali ililitambua jambo hili kwa kuandaa Mpango Kazi wa Taifa wa kupambana na usugu wa vimelea kwa miaka ya 2017 hadi 2022, na mpango wa pili kwa miaka ya 2023 hadi 2028.

Swali linalofuata ni hili: je, kuna njia ya kupambana na bakteria hatari kwa kutumia bakteria wengine?

2.0 Fundisho la Kongwa

Wilaya ya Kongwa inafahamika katika maandiko ya tiba duniani kwa sababu ya ugonjwa wa vikope, yaani trakoma. Ugonjwa huu huletwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis, na usipodhibitiwa hupindisha kope zikakwaruza jicho hadi upofu. Utafiti uliofanyika Kongwa na kuchapishwa mwaka 1995 ulionesha kwamba kuwahimiza wazazi kuwaosha watoto nyuso, pamoja na tiba, kulipunguza trakoma kali. Baadaye ulifuata ugawaji wa azithromaisini kwa jamii nzima, wagonjwa na wasio wagonjwa, ili kukata mnyororo wa maambukizi.

Ugawaji huo ulikuwa na faida iliyovuka macho. Watafiti waliofuatilia watoto wa Kongwa waliripoti mwaka 2011 kwamba kuhara kulipungua kwa muda mfupi katika vijiji vilivyopewa dawa. Lakini bakteria wengine waliokuwa wakiishi katika miili ya watoto hao nao walikutana na dawa hiyo. Mwaka 2013 ilichapishwa taarifa kwamba bakteria wa nimonia, Streptococcus pneumoniae, waliobebwa puani na watoto waliopewa dawa walikuwa sugu zaidi kwa azithromaisini katika kipindi kilichofuata ugawaji. Mwaka 2014 ikachapishwa taarifa ya aina hiyo kuhusu Escherichia coli wa utumbo. Usugu ulipanda ghafla mwezi mmoja baada ya ugawaji, kisha ukaanza kushuka, lakini baada ya miezi sita ulikuwa bado juu ya kiwango cha awali.

Matokeo haya hayapaswi kusomwa kama hukumu dhidi ya kampeni ya trakoma. Upofu uliozuiwa ni faida isiyopingika. Kinachojitokeza ni kanuni ya jumla kwamba antibiotiki haichagui adui peke yake. Inapoingia mwilini huua bakteria dhaifu wa kila aina, wabaya kwa wema, na kuwaachia nafasi wale wanaoistahimili. Jamii inayotumia dawa hizi kwa kila kikohozi na kila tumbo la kuendesha hurudia jambo hilo hilo mara nyingi kwa mwaka, pasipo faida ya kulinganisha na macho yaliyookolewa. Kongwa basi inatoa sababu ya kutafuta njia za kupunguza uhitaji wa dawa, siyo sababu ya kuikataa dawa inapohitajika.

3.0 Probiotiki ni Nini na Hufanyaje Kazi

Mwaka 2001, wataalamu walioitishwa na Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani walizifafanua probiotiki kuwa ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humletea manufaa ya kiafya anayevipokea. Fasili hii ina masharti matatu: vijidudu viwe hai, viwe vya kutosha, na manufaa yawe yamethibitishwa. Chakula kilichochacha si lazima kitimize masharti yote matatu, ingawa mara nyingi hubeba bakteria wa kundi hilo hilo.

Namna bakteria hawa wanavyowazuia wenzao yaweza kuelezwa kwa mfano wa shamba. Mkulima wa Mlali anajua kwamba shamba lililositawi na kufunika ardhi huacha nafasi ndogo kwa magugu. Kadhalika, utumbo uliojaa bakteria rafiki huacha nafasi ndogo na chakula kidogo kwa wageni waharibifu. Hiyo ni njia ya kwanza, yaani ushindani wa makazi na lishe.

Njia ya pili ni asidi. Bakteria wa asidi ya laktiki huvunja sukari na kutoa asidi inayoshusha pH ya chakula. Katika hali ya uchachu mkali, asidi hiyo hupenya ngozi ya bakteria hatari na kuvuruga shughuli zake za ndani. Njia ya tatu ni utengenezaji wa protini ndogo ziitwazo bakteriosini, ambazo hutoboa au kudhoofisha bakteria wa jamii zinazokaribiana na mtengenezaji. Njia ya nne ni kuimarisha ukuta wa utumbo na kuiamsha kinga ya mwili.

Njia ya tano imefahamika vizuri katika miaka ya karibuni, nayo ni kuvuruga mawasiliano. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza watu 200 wa vijijini nchini Thailand walibaini kwamba waliokuwa na bakteria wa jenasi Bacillus katika utumbo hawakukutwa na Staphylococcus aureus, bakteria anayeleta majipu na maambukizi ya damu. Ilionekana kwamba Bacillus hutoa kemikali iitwayo fenjisini, ambayo huzuia ishara ambazo Staphylococcus aureus huzihitaji ili kujikita. Jaribio lililofuata, likachapishwa mwaka 2023, liliwapa baadhi ya washiriki Bacillus subtilis kwa kinywa kila siku kwa wiki nne. Idadi ya Staphylococcus aureus ilipungua kwa zaidi ya asilimia 96 katika kinyesi na kwa takribani asilimia 65 puani.

Ni vyema kutambua kwamba njia zote hizi hufanya kazi pale bakteria wanapoishi: katika utumbo, juu ya ngozi, au ndani ya chakula chenyewe. Hakuna hata moja inayowafuata bakteria waliokwisha kuingia katika damu, mapafu au uti wa mgongo. Mpaka huu ndio msingi wa hoja zinazofuata.

4.0 Ushahidi wa Togwa

Togwa hutengenezwa kwa kupika uji wa mahindi, mtama, uwele au ulezi, kuupoza, kisha kuutia unga wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, au togwa kidogo ya zamani kama chachu. Kimea huulegeza uji, na bakteria huuchachusha. Uchunguzi wa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Norway, uliochapishwa mwaka 2003, uliwatambua katika togwa bakteria kama vile Lactobacillus plantarum, Lactobacillus brevis, Lactobacillus fermentum, Pediococcus pentosaceus na Weissella confusa, pamoja na hamira za asili. Katika muda wa saa 24 pH ilishuka chini ya 4.

Je, uchachu huo una maana yoyote kwa afya ya mtoto? Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, wakiwamo Wilbald Lorri na Rose Kingamkono, walilishughulikia swali hili kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionesha kwamba watoto waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko waliolishwa uji wa kawaida.

Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti mwingine uliojibu swali mahususi zaidi. Watoto wenye afya, walio chini ya miaka mitano, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa togwa yenye pH isiyozidi 4 mara moja kwa siku kwa siku 13. Kundi la pili lilipewa uji usiochachushwa. Kabla ya jaribio, asilimia 27.6 ya watoto wa kundi la togwa walikutwa na bakteria wa kuhara katika utumbo. Siku ya saba walikuwa asilimia 7.8, siku ya 13 asilimia 8.2, na wiki mbili baada ya kuacha togwa walikuwa asilimia 12.7. Katika kundi la uji wa kawaida, kiwango kilianzia asilimia 16.7, kikashuka hadi 11.4 siku ya saba, kisha kikapanda hadi 19.2, na mwishowe 22.6.

Takwimu hizi zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Makundi hayakuanza sawa, na sehemu ya mteremko katika kundi la togwa huenda ilitokana na kurejea kwa kiwango cha kawaida. Hata hivyo, mambo mawili yanatia uzito. Kwanza, kundi lililoanza na hali mbaya zaidi ndilo lililomaliza na hali nzuri zaidi. Pili, watoto wa togwa walipoacha kuinywa, bakteria walianza kurudi taratibu. Hii inaashiria kwamba manufaa ya togwa hudumu kadiri inavyonywewa. Bakteria wake ni wageni wanaopita, nao huhitaji kukaribishwa tena na tena.

Kuhusu maziwa, bakteria wa asidi ya laktiki wamechunguzwa pia katika maziwa ya mgando ya Wamaasai wa Kenya na wa kaskazini mwa Tanzania. Jijini Mwanza, mradi ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Western cha Kanada, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na kikundi cha kina mama cha Tukwamuane umekuwa ukitengeneza mtindi wenye probiotiki. Mradi huo umeonesha kwamba jiko la kikundi cha kijiji au mtaa laweza kuzalisha bidhaa ya aina hii bila kiwanda kikubwa.

5.0 Mipaka ya Manufaa

Ushahidi wa nje ya Afrika Mashariki unavuta pande mbili. Nchini India, katika jimbo la Odisha, watoto wachanga 4,556 walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2017. Waliopewa Lactobacillus plantarum pamoja na sukari ya kuilisha kwa siku saba walipata maambukizi ya damu au kifo kwa asilimia 5.4, ikilinganishwa na asilimia 9.0 kwa wasiopewa. Hayo ni mafanikio makubwa kwa njia ya bei nafuu.

Kwa upande mwingine, nchini Marekani watoto 971 waliokuwa tayari wanaharisha na kutapika walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2018. Waliopewa Lactobacillus rhamnosus hawakupona haraka kuliko wenzao. Nchini Malawi, jaribio lililochapishwa mwaka 2009 na kuwahusisha watoto 795 wenye utapiamlo mkali halikuonesha kwamba probiotiki ziliharakisha kupona kwao. Uholanzi, mwaka 2008, ilitolewa taarifa ya kutisha zaidi: kati ya wagonjwa 152 wa kongosho lililovimba vibaya waliopewa probiotiki, 24 walifariki, wakati katika kundi la wagonjwa 144 wasiopewa walifariki tisa.

Tofauti hizi hazipingani kama zinavyoonekana. Nchini India probiotiki zilitolewa kabla ya ugonjwa, kwa watoto wenye utumbo usio na wakazi wengi. Marekani zilitolewa baada ya ugonjwa kushika. Malawi na Uholanzi zilitolewa kwa miili iliyokwisha kudhoofika sana. Mafunzo yanayopatikana ni matatu: aina ya bakteria, wakati wa kuitumia na hali ya mpokeaji huamua matokeo. Neno "probiotiki" lililoandikwa kwenye pakiti halitoshi kuthibitisha chochote.

Lipo pia suala la usugu wenyewe. Baadhi ya bakteria rafiki wanaweza kubeba vinasaba vya usugu na kuvihamishia kwa bakteria hatari ndani ya utumbo. Kwa sababu hiyo, bakteria yeyote anayependekezwa kuzalishwa kwa wingi hana budi kuchunguzwa kwanza, hata kama ametokana na chakula cha asili.

6.0 Kuku na Vifaranga

Mjadala wa antibiotiki hauishii kwa binadamu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya antibiotiki kwa ajili ya kukuza mifugo kuanzia Januari 2006, kwa kutambua kwamba bakteria sugu wa bandani hufika mezani. Mbadala mmoja ulikuwa umekwisha kugunduliwa Finland. Mwaka 1973, Nurmi na Rantala walionesha kwamba vifaranga wa mashine waliopewa bakteria wa utumbo wa kuku wakubwa wenye afya hawakushambuliwa kwa urahisi na Salmonella.

Maelezo yake yanaeleweka kwa mfugaji wa kuku wa kienyeji. Kifaranga anayelelewa na mama yake hupekua ardhi pamoja naye na kupokea bakteria wake tangu siku za kwanza. Kifaranga wa mashine hufika bandani akiwa hana urithi huo, na pengo hilo mara nyingi huzibwa kwa dawa kwenye maji ya kunywa. Kadiri ufugaji wa kibiashara unavyopanuka katika mkoa wa Dodoma, ndivyo pengo hilo linavyostahili kuzibwa kwa usafi, chanjo na bakteria rafiki kabla ya kukimbilia dawa.

7.0 Mambo ya Kuzingatia Mlali

Kwa kuwa togwa na mtindi tayari vipo majumbani, kinachohitajika ni kuvitumia kwa usalama.

Kwanza ni ubora wa nafaka. Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya kati ya Tanzania uliwapata watu 68, na 20 kati yao walifariki. Uchachushaji si tiba ya mahindi yenye ukungu, na uchachu waweza kuficha ladha ya nafaka mbovu. Nafaka ya togwa inapaswa kukaushwa vizuri, kuchambuliwa na kuhifadhiwa pakavu, na kimea kikaushwe haraka kisiote ukungu.

Pili ni uchachu wa kutosha. Kimea hutiwa baada ya uji kupoa, hivyo bakteria wanaokuja nacho hawapikwi. Kinachowadhibiti ni asidi, na asidi huhitaji muda. Togwa inayonywewa baada ya saa mbili au tatu bado haijawa na ulinzi unaozungumziwa. Kutia chachu kutoka togwa nzuri ya jana huharakisha kazi hiyo. Kwa upande mwingine, togwa iliyokaa siku nyingi huanza kuwa pombe, na hiyo si chakula cha mtoto.

Tatu ni maziwa. Maziwa mabichi yanaweza kubeba bakteria wa brusela na wa kifua kikuu cha ng'ombe, na kugandisha pekee hakutoshi kuwaua. Maziwa yachemshwe kwanza, yapozwe, ndipo yatiwe chachu ya mtindi katika chombo kisafi.

Nne ni umri. Mtoto aliye chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama pekee. Togwa huingia baada ya hapo, pamoja na vyakula vingine vya kulikiza.

Tano, na hili ni la uzito zaidi, togwa haichukui nafasi ya zahanati. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi ya kurejesha maji mwilini pamoja na madini ya zinki. Kuhara kwingi hakuhitaji antibiotiki. Lakini mtoto mwenye damu katika choo, homa kali, macho yaliyodidimia, kupumua kwa shida au anayeshindwa kunyonya anapaswa kufikishwa kwa mtaalamu bila kuchelewa. Huko akiandikiwa antibiotiki, dozi imalizwe kama ilivyoelekezwa.

Kwa watafiti, Kongwa inatoa uwanja wa kipekee. Usugu wa Escherichia coli umekwisha kupimwa huko kabla na baada ya ugawaji wa dawa. Utafiti unaoweza kufuata ni kulinganisha kaya zinazowapa watoto togwa iliyochacha vizuri mara kwa mara na zile zisizofanya hivyo, na kupima mambo matatu: mara ngapi watoto huharisha, mara ngapi hupewa antibiotiki, na bakteria sugu waliomo tumboni ni kiasi gani. Vipimo hivyo vitatu kwa pamoja ndivyo vitakavyoonesha kama kinga ya jikoni hupunguza kweli usugu wa dawa.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba swali la iwapo probiotiki zinaweza kuwa mbadala wa antibiotiki lina majibu mawili. Katika tiba ya maambukizi makali jibu ni hapana, na kumwambia mzazi vinginevyo ni kuhatarisha uhai wa mtoto. Katika kinga jibu ni ndiyo, kwa masharti ya aina sahihi ya bakteria, wakati sahihi na matayarisho salama. Antibiotiki ni akiba ya jamii nzima, kama ghala la nafaka linalotunzwa kwa ajili ya mwaka wa njaa. Anayechota bila uhitaji huwapunguzia wengine. Togwa na mtindi, vikitengenezwa ipasavyo, vinaweza kuifanya kaya ya Mlali ichote kidogo, ili siku mtoto atakapoihitaji dawa, dawa hiyo iwe bado inaponya.